Maganda ya Ndimu, Saa Kumi na Mbili

Nilitoka Kisangani nikisukuma baiskeli yenye bidoni, yaani madumu, za mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Nasema nikisukuma, kwa sababu mtu mwenye mzigo kama ule hapandi baiskeli. Anafunga fimbo ndefu kwenye usukani, anaegemea kiti kwa bega, na kusukuma kama anayemrudisha zizini ng'ombe mkaidi. Tulikuwa wengi barabarani miaka ile. Redio ilikuwa imesema vita imekwisha, na sisi wenye miguu tuliamua kuamini mapema kuliko wenye malori.

Nilikuwa kijana, nimemaliza sekondari, nina cheti chake, diploma ya Serikali, ndani ya mfuko wa plastiki na sina kazi yoyote inayoihitaji. Pale nyumbani nilikuwa situlii. Nikisikia jina la mji ambao sijafika, usingizi unakatika. Nilipitia Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa. Matope yalikuwa yanafika kwenye ekseli, na kwenye kila barieri, kizuizi cha barabarani, kulikuwa na askari mwenye kikombe akiomba mafuta kidogo ya kupikia. Nilisukuma mvuani, nikasukuma juani, nikalala chini ya maturubai pamoja na wasukumaji wengine, na bidoni zikalala nje. Baada ya Komanda msitu ulifunguka. Nikaona vilima vya majani, nikasikia upepo wa baridi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikaona mbali. Hata leo nikifunga macho ninaona pale kwanza, si nyumbani kwetu.

Katika soko la Bunia wauza mafuta walifungua bidoni zangu, wakanusa, wakafunga.

"Hii mafuta ililala, kaka," mmoja aliniambia.

"Ililala na haitaamuka tena," mwenzake akaongeza. Wakacheka wote, na mimi nikacheka kwa kukosa la kufanya. "Peleka kwa Mama Kavugho wa sabuni. Yule anakamataka bintu yote yenye batu banatupa."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye atelye, karakana yetu, kwa sababu mliniuliza mara nyingi kazi ilianzaje, na kila mara nilikuwa na mikono ndani ya kitu ambacho hakikuweza kungoja.

Mama Kavugho alikuwa mjane kutoka Butembo, mfupi, amevaa aproni iliyoshonwa kwa gunia la mchele. Atelye yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya parsele, yaani kiwanja chenye nyumba, ya mzee mmoja, karibu na soko. Alichovya kidole ndani ya bidoni, akanusa, akanitazama kuanzia viatu.

"Weye ni mutu ya wapi?"

"Kisangani, mama."

"Ulisukuma hii harufu yote kutoka Kisangani?"

"Ilianza muzuri, mama. Iliharibikia njiani."

"Batu pia banaharibikia njiani. Ingiza."

Mafuta yaliyolala, yaani yaliyochacha, hayafai kwa chakula lakini kwa sabuni yanafaa kabisa, na yeye alikuwa karibu mtu pekee pale mjini aliyelijua hilo. Alichukua yote. Aliponiona nimekaa juu ya bidoni tupu, sijui niende wapi, akaniambia nimsaidie kubeba avoka, maparachichi, kutoka sokoni. Sikuuliza ni kazi ya muda gani. Siku ile nilikuwa nataka tu kukaa kivulini.

Siku ya kwanza yote nilichambua takataka. Mama Kavugho hakupenda neno hilo. Yeye alisema "bibaki", yaani vilivyobaki. Avoka zilizopasuka zikishushwa kutoka kwenye malori ya Djugu, maganda ya paipai kutoka kwa wakata matunda, mbegu za marakuja, yale matunda ya pesheni, kutoka kwa mzee mtengeneza juisi, maganda ya ndizi kutoka kila mahali. Nilikuwa natupa avoka zenye madoa meusi. Alizirudisha moja baada ya nyingine.

"Usiangalie. Nusa. Yenye kunuka karanga, weka. Yenye kunuka pombe, iko ya nguruwe."

Jioni pua yangu ilikuwa imechoka kuliko mgongo. Lakini nilikuwa nimejifunza sehemu ngumu zaidi ya kazi yetu, na mpaka leo mtu asiyeweza kutofautisha karanga na pombe simpi kikapu.

Vyombo vilikuwa vichache na ninyi mnavifahamu, kwa sababu vingine bado vipo. Nyama ya avoka tuliiponda na kuitandaza nyembamba juu ya shiti nyeusi ya plastiki, tukaiacha juani mpaka ikawa rangi ya chokoleti na kuanza kung'aa yenyewe. Kisha tuliitia katika mfuko wa kitambaa na kuikamua kwa kriki ya lori, ile ya kuinulia gurudumu, ambayo fundi mmoja aliichomelea ndani ya fremu ya chuma. Mafuta yanayotoka ni ya kijani kizito. Yakitoka maji kwanza, mlikuwa na haraka, rudisheni juani. Kokwa tulizikata, tukazikausha, tukazitwanga na kuzichuja kwa soksi ndefu za kike, unga wake ukawa wa kusugulia visigino. Maganda ya ndizi tuliyachoma ndani ya nusu pipa, majivu tukayaweka kwenye ndoo iliyotobolewa chini, tukamwagia maji pole pole. Maji yale ya majivu ndiyo yanayofanya mafuta yawe sabuni. Kuyapima tulitumia unyoya wa kuku: ukiyeyuka, yana nguvu, ukibaki unyoya, chemsha tena. Kuna siku jogoo wa jirani alianza kutukimbia tukipita.

Maganda ya paipai tuliyaogopa. Yanalainisha uso kweli, ila yakikaa yanauma.

"Paipai inalainisha nyama ya ngombe muzee ndani ya sufuria," Mama Kavugho alikuwa anasema. "Ngozi yako njo itaishinda?"

Wateja walikuja kwa swali moja. Mwanamke anashika kopo, analigeuza, anauliza:

"Mama, hii itanifanya mweupe?"

"Hapana."

"Sasa itafanya nini?"

"Itafanya ngozi yako ibakie ngozi."

Wengi waliweka kopo chini na kwenda kununua tubu za krimu zenye picha ya mwanamke wa rangi ya maziwa. Nilimwambia Mama angeweza kujibu kwa upole zaidi. Akaniambia yeye anauza mafuta, upole uko kanisani. Waliobaki, hata hivyo, walibaki kabisa: wauza samaki ambao mikono yao ilipasuka kwa chumvi, wakulima, mama wenye watoto wa ngozi kavu.

Parsele ilikuwa ya Baba Mugisa. Alikuwa karani zamani, mtu wa familia ya wafugaji wa muda mrefu pale Ituri, na vita ilikuwa imemnyang'anya karibu ng'ombe wote. Waliobaki walikuwa kwa ndugu zake upande wa Aveba. Aliishi na dada yake, ambaye sote tulimwita Shangazi Adyeri, na binti yake Neema. Adyeri halikuwa jina lake la ubatizo. Watu wale kila mmoja ana jina la heshima, analopewa na familia akiwa mtoto, na unamsalimia kwa jina hilo. Ukimsalimia mzee bila hilo jina ni kama umempita njiani. Sisi wageni hatukuwa nalo. Walitusalimia kwa majina yetu makavu, kwa adabu, kama unavyomsalimia mpangaji.

Na tulikuwa wapangaji kweli. Ilikuwa amani ya kulala na viatu karibu na kitanda. Askari wa amani wenye kofia za bluu walizunguka na magari yao meupe, soko lilijaa, watu walijenga. Lakini kila mtu alijua jirani yake ametoka wapi na mwaka gani. Mtu akiugua tumbo baada ya kula kwa wengine, habari ilitembea mitaa mitatu kabla yeye hajafika hospitalini.

Neema aliposwa na familia ya wafanyabiashara wa samaki wa Kasenyi, kando ya ziwa. Kwa desturi yao bibi arusi anakaa ndani muda fulani kabla ya ndoa, shangazi yake akimpaka samli ya ng'ombe mwili mzima. Kabla siku hizo hazijaanza, Neema alikuja kwenye atelye na malalamiko.

"Mama Kavugho, niko napenda ngombe ya papa, lakini sipendi kunuka sawa yeye. Nitengenezee kitu ya kunuka muzuri."

Shangazi Adyeri alikuwa nyuma yake mlangoni. "Bwana yako anatoa ngombe. Asiposikia harufu yake, atafikiri tulimuibia."

"Shangazi, yeye mwenyewe ananuka samaki!"

"Basi mutapatana."

Tulicheka mpaka Mama Kavugho akaacha kriki. Akaahidi kumtengenezea.

Nyuma ya vibanda vya samaki sokoni kulikuwa na lundo la maganda ya ndimu kila jioni. Mama aliyasugua juu ya bati lililotobolewa kwa misumari, akakusanya mafuta yake machache yenye harufu kali, akayachanganya na siagi ya avoka. Harufu ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata mimi nilijipaka kisigino kwa siri. Lakini alijua shida yake. Kwao Butembo aliona mikono ya wanawake waliokamua ndimu na kwenda shambani mchana: ilibabuka, kisha ikawa na madoa meusi kwa miezi. Ndimu na jua havipatani juu ya ngozi. Usiku haina neno. Asubuhi unaoga, imekwisha. Kwa hiyo alitaka iandikwe kwenye kila kopo: jipake baada ya saa kumi na mbili. Jua likishalala.

Etiketi, zile lebo za makopo, tulizitengenezea kwenye sekretaria ya umma, kile kibanda cha kompyuta na fotokopi karibu na soko. Mama alienda mwenyewe. Akamwambia kijana wa mashine maneno yale yale: baada ya saa kumi na mbili. Kijana alikuwa amesoma, na mtu aliyesoma kwetu anaandika Kifaransa. Akaandika: *Appliquer après 12h00*, yaani jipake baada ya 12h00. Kumi na mbili ni douze, hakuna mwalimu ambaye angempa sifuri. Mama hakusoma Kifaransa. Mimi siku zile nilikuwa nimeshaongea na dereva wa lori la samaki; nilitaka kushuka Kasenyi, nivuke ziwa, nione Uganda. Etiketi zilibandikwa nikiwa nafunga mfuko wangu.

Neema alifuata maandishi. Adhuhuri ilipopita kidogo alijipaka uso na shingo, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda kwa fundi wa nguo, akangoja kwenye foleni nje, juani, kwa muda mrefu. Kesho yake uso uliwaka. Keshokutwa yake ukatoa malengelenge. Baada ya hapo ikabaki rangi nyeusi, na si doa moja: ilikuwa mistari, pale vidole vyake vilipopita. Kila aliyemtazama aliona mkono uliompaka.

Habari mbili zilitoka siku hiyo hiyo. Ya kwanza: wageni wa nyuma ya parsele wamempa sumu mtoto wa watu. Ya pili ilitoka upande wa Kasenyi: bibi arusi alikuwa anajichubua kwa siri, dawa ikamshinda. Ya kwanza ingetufukuza sisi mjini. Ya pili ingemrudisha Neema nyumbani kabla hajaolewa, na jina hilo lingemfuata maisha.

Lori la samaki lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri. Mama Kavugho alinikuta na mfuko mlangoni.

"Fungula hiyo bagage."

"Mama, nilipanga zamani. Siyo juu ya hii maneno."

"Najua. Weye na miye tunajua. Lakini tuko bawili tu. Ukitoka kesho, batasema: mutu ya Kisangani alitia sumu akakimbia. Na miye mwenye kubakia nitajibu nini? Nitasema alikuwa anapenda kutembea?"

Niliufungua mfuko. Lori liliondoka na samaki wake.

Wazee wawili wa upande wa bwana arusi walipanda kutoka Kasenyi. Waliketi kwenye ua wa Baba Mugisa asubuhi moja, na sisi tukaitwa. Neema alikaa nyuma ya Shangazi, amejifunika kitenge mpaka machoni. Kopo likawekwa katikati juu ya kiti, kama mtuhumiwa. Baba Mugisa akavaa miwani yake ya ukarani na kusoma kwa sauti.

"Appliquer après douze heures." Akainua macho. "Mutoto alifanya vile munaandika."

"Hapana, papa," Mama Kavugho alisema. "Tuliandika baada ya saa kumi na mbili."

"Njo hii. Douze heures. Saa kumi na mbili."

"Ile saa kumi na mbili ya jua kulala!"

"Hii ni saa kumi na mbili ya midi, ya katikati ya muchana."

"Midi iko saa sita!"

"Kwa Kiswahili," alisema Baba Mugisa, na hapo akavua miwani. Nadhani alielewa kwa sekunde ile ile tulipoelewa sisi sote. Watu wa mji mzima tulikuwa tunatembea na saa mbili kichwani, ya shule na ya nyumbani, na hatukuwa tumewahi kuzigonganisha.

Mmoja wa wazee wa Kasenyi hakuridhika. "Saa haichome mutu. Mafuta njo inachoma. Munaweka nini ndani?"

"Ndimu, papa. Ganda ya ndimu yenye siye wote tunatupa."

"Ndimu tunakula na samaki kila siku. Unatuona batoto?"

Mama Kavugho hakubishana. Alivuta kigoda, akakiweka katikati ya ua pale pasipo na kivuli, akafungua kopo na kujipaka mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko. Mkono wa kulia akaufunika kwa kitenge. Wa kushoto akauweka juu ya goti.

"Niko hapa mpaka jua igeuke. Kama ni sumu, mikono yote mbili itaharibika. Kama ni jua, itakuwa moja."

Nilinyoosha mkono nichukue kopo nijipake na mimi. Alinipiga vidoleni. "Weye kaa. Nani atakamua avoka?"

Tulikaa. Nawaambia, hakuna mkutano mrefu kama ule ambao watu wanatazama mkono wa mtu na mkono haufanyi chochote. Wazee walihamia kivulini. Jua lilipofika utosini Shangazi Adyeri alimletea maji, akasimama kidogo kando yake, akarudi kivulini. Mpaka tunaachana ngozi ilikuwa vilevile, na yule mzee wa Kasenyi alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda.

"Mungoje," Mama alimwambia. "Ya mutoto pia haikuonekana siku ile ile."

Walilala kwa jamaa zao mjini. Walipoitwa tena, mkono wa kushoto ulikuwa umevimba na una malengelenge kama ya Neema. Wa kulia ulikuwa mkono wa kawaida wa mwanamke wa Butembo. Mzee aliushika, akaugeuza, akaukuna kwa kucha, akaomba kitambaa chenye maji asugue aone kama si rangi. Kisha akazungumza na mwenzake kwa kilugha chao, na mwenzake ndiye aliyetoa hukumu.

"Dawa ya kujichubua inafanya mutu mweupe. Hii inafanya mutu mweusi. Basi mutoto hakuwa anajichubua."

Mpaka leo sijasikia wakili aliyesema vizuri zaidi.

Neema alikuwa amepona jina, lakini bado sura. Baba Mugisa alituambia waziwazi: hatufukuzi leo, ila hawezi kumwoza binti yake akiwa na alama za vidole usoni halafu akawaacha waliozisababisha nyuma ya nyumba yake. "Tutangoja ngozi," alisema. Ndoa ikasogezwa mpaka kiangazi. Tukangoja ngozi.

Wakati huo ndipo nilipojifunza kazi kweli. Kabla ya hapo nilikuwa mbebaji. Mama alitengeneza mafuta ya avoka matupu, bila harufu, bila chochote, yaliyochujwa mara nyingi mpaka kitambaa kikatoka safi. Kila Jumapili baada ya misa alipanda hadi nyumba kubwa, akakaa na Neema ndani, pazia limefungwa. Neema alitazama mkono wa Mama, Mama alitazama uso wa Neema. Wa Neema ulitangulia kwa siku chache, kwa hiyo ni yeye aliyekuwa anampa Mama habari.

"Sasa itaanza kuwasha, mama. Usiikune."

"Nani mwenye kufundisha mwenzake hapa?"

"Miye. Niko mbele."

Mitaani walituacha nusu. Wauza samaki walibaki. Wengine walivuka barabara. Mimi sokoni niliitwa Mutu ya Ndimu, na waliponiona na mfuko wowote mkononi, hata wa chumvi, waliniuliza naenda wapi. Nilianza kutembea mikono mitupu.

Kiangazi kilipofika uso ulikuwa safi isipokuwa mstari mmoja chini ya taya. Siku ya kumpaka bibi arusi wanawake wa ukoo waliingia chumbani na samli yao. Mlango ulifungwa. Mama Kavugho alikaa nje na sisi wengine, amevaa kitenge kipya, mikono mapajani. Kisha mlango ukafunguka na Shangazi Adyeri akatoa kichwa.

"Abwoli! Leta ile mafuta yako ya kijani."

Hakuna aliyejibu. Wanawake wote waliokuwa na jina hilo la heshima walikuwa ndani tayari.

"Abwoli wa Butembo," Shangazi akasema, akimtazama. "Unangoja nini? Weye njo uliungua pamoja naye."

Mama aliinuka taratibu, akaingia. Mimi nilisikia kicheko tu kutoka ndani, na baadaye ngoma. Siku ile ndoa ilipita vizuri, na suala la sisi kuhama halikutajwa tena na mtu. Sikumwuliza Mama waliongea nini mle chumbani. Kwa wiki nzima aproni yake ilinuka samli na hakuifua.

Mnajua yaliyofuata, kwa kuwa mengi mmeyafanya wenyewe. Mafuta ya ndimu tuliacha kuyakwaruza. Tuliyapika kwa mvuke ndani ya sufuria iliyofungwa, kwa bomba la shaba, na yale hayaogopi jua. Hata hivyo tuliyajaribu juu ya mikono yetu kabla ya kuyauza. Msiwe na haraka ya kuamini kitu kwa sababu kinanuka vizuri. Etiketi zetu hazina saa. Zina jua lililolala nyuma ya kilima, limechorwa kwa mkono, na aliyelichora hakuwa fundi. Ukiligeuza linafanana na yai. Liacheni hivyo. Kila mtu anaelewa yai lile.

Barabara ya Djugu ilifungwa tena, ikafunguliwa, ikafungwa. Avoka zikatoka Aveba, na Aveba ilipokuwa haipitiki tulifanya kazi na bibaki vya soko peke yake. Katika miaka hiyo niliona watu wengi wakiondoka alfajiri na magodoro, na niliona jinsi majirani walivyobaki wanahesabu: kwa nini huyu, kwa nini leo, alijua nini. Nilitaka kuondoka mara nyingi. Kila msimu wa maembe miguu iliniwasha. Lakini kila nilipofikiria kufunga mfuko, nilisikia swali lile la Mama: nitajibu nini? Nikabaki. Nikawa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono iliyoliwa na maji ya majivu kwa sababu nilidharau glavu, na ninyi mkaanza kuniita muzee.

Mwaka huu nilimwendea Shangazi Adyeri kabla ya kumwambia Mama. Amezeeka, anaona kwa jicho moja. Nilimwambia nataka kwenda kuvuka ziwa, na kwamba hakuna kibaya kilichotokea.

"Gari ya Kasenyi inatoka saa ngapi?"

"Alfajiri, Shangazi."

"Hapana. Mutu mwenye kutoka alfajiri ni mwizi ao mukimbizi. Utatoka na jua, batu bakuone."

"Gari itaniacha."

"Ikuache."

Basi gari likaniacha. Soko lilipokuwa limejaa kabisa, Shangazi alikuja na fimbo yake, Mama Kavugho na aproni, Baba Mugisa na miwani, nanyi nyote na mikono ya kijani kwa avoka. Hamkukubali nishike mfuko wangu. Mliubeba juu, kichwani, kama mnaopeleka zawadi, mkanipitisha katikati ya wauza mafuta, nyuma ya vibanda vya samaki, mbele ya kile kibanda cha fotokopi. Shangazi alisimama kila hatua chache kusalimia watu na kuwaambia, bila wao kuuliza, kwamba huyu anatoka, anatoka muzuri, siye wenyewe tunamusindikiza. Mama Kavugho alinishika kiwiko njia nzima, kwa mkono wake wa kushoto.

Kwenye maegesho ya moto kijana mmoja wa pikipiki alitazama umati, akazima injini, akavua kofia.

"Iko matanga?"

"Hapana," nilimwambia. "Iko mutu anahama."

"Batu yote hii juu ya mutu moja?"

Mama Kavugho akapanga mfuko nyuma ya kiti, akaufunga kwa mpira, akavuta mara mbili kuona kama umekaa. Kijana akavaa kofia yake, akawasha, akaniambia nimshike vizuri, mteremko wa Kasenyi ni mbovu.